Kitambaa na Prosesa

Siku ya hamsini na tatu tangu tumzike binti yangu, Nukta alikuja kubadilisha prosesa ya kompyuta.

Nukta ni fundi wa mtaa wa nyuma. Jina hilo alipewa kwa sababu kila akimaliza kueleza jambo lazima aseme "nukta", kama mwalimu anayesomesha imla. Vidole vyake ni vinene kama vya mpiga matofali, lakini skrubu ndogo kama jicho la sisimizi haimpotei.

Kompyuta ilikuwa ya binti yangu. Ni ile ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imeshafungwa kiwandani, kasha jeusi lililokaa miaka tisa chini ya meza ya chumba cha mbele. Binti yangu alikuwa anapiga video za harusi. Harusi ya mwisho aliipiga wiki tatu kabla hajalazwa, ikabaki humo ndani vipande vipande. Mjukuu wangu, bintiye wa pekee, akaapa ataimaliza. Wenye harusi walikuwa wanasafiri Jumamosi asubuhi kuhamia mbali, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Kazi ya mama haitabaki nusu," alisema mjukuu wangu. "Hata nikiimaliza kwa meno."

Lakini kompyuta ilikuwa imechoka. Akikata kipande kimoja, picha inaganda, bibi harusi anabaki mdomo wazi na keki haijafika. Akisubiri, anapika chai, anakunywa, anaosha kikombe, bibi harusi bado mdomo wazi.

Mimi tangu mazishi nilikuwa kwenye kufuta. Nilifuta meza, madirisha, vishikio vya milango, mpaka miguu ya viti. Machozi hayakutoka. Waliokuja kunipa pole walikaa wakiningoja nilie, wakachoka, wakaaga. Umewahi kuukalia mguu ukafa ganzi? Upo, unauona, ni wako, lakini ukiufinya hauna habari. Basi mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Mkono tu ndio uliokuwa unajua la kufanya, na mkono ulijua kitambaa.

Nukta alililaza kasha ubavu juu ya meza, akafungua kifuniko, akapuliza vumbi. Vumbi likaniangukia miye mfutaji.

"Kompyuta za kiwandani, Mama, ni kama ukoo wenye masharti ya posa," alisema. "Hazipokei prosesa yoyote, mpaka iwe ya jamaa zao. Nimeizungukia wiki nzima. Na jana nimesasisha ile programu yake ya kuwakia, ili imtambue mgeni akibisha hodi. Nukta."

"Na huyo mgeni atafanya nini?"

"Huyu ndiye anayefikiri. Wa zamani alikuwa anafikiri kama mzee wa baraza, neno moja mpaka anywe maji. Huyu ni kijana. Ila akifikiri sana anapata homa, ndiyo maana tunamwekea chuma cha kupoozea na feni kichwani."

Aliiinua prosesa kwa ncha za vidole. Ilikuwa kipande bapa, mraba, kinang'aa kama kioo cha saa ya mkononi.

"Kitendawili," nikamwambia. Mdomo tu ulikuwa umezoea.

"Tega."

"Mfalme wangu mdogo kama kidirisha cha saa, akishikwa na homa jumba zima linalala."

Nukta akajikuna kichwa kwa mpini wa bisibisi. "Jogoo?"

"Jogoo wa kutosha kwenye saa umemwona wapi, baba? Nipe mji."

"Chukua huu huu. Una vumbi, lakini umeme upo."

"Nimeuchukua. Jibu umelishika mkononi."

Alitazama vidole vyake, akacheka mpaka akakaa. "Mama umenipiga chenga na mpira ninao mimi!"

Mjukuu wangu naye akatabasamu, mara ya kwanza wiki hiyo. "Usimchokoze mke mwenzangu, Nukta. Huyu hana mpinzani." Mimi niliwaona wanacheka. Niliona kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani.

Nukta akang'oa chuma cha zamani na prosesa yake, akaikalisha mpya mahali pake, akabana kikono chake. Akatoa boksini chuma kipya cha kupoozea, chenye mapezi juu na uso bapa chini, akabandua karatasi yake ya kinga, akakiweka mezani chali juu ya gazeti. Ndipo akagundua skrubu za chuma hicho kipya zina vichwa vya nyota, na bisibisi ya nyota ameiacha dukani. Akatoka mbio. Mjukuu wangu akapokea simu ya bibi harusi, akatoka nayo kibarazani, nikimsikia anasema, "Itakuwa tayari, dada. Naam. Jumamosi, naam."

Nikabaki peke yangu na ile meza. Kile chuma kilikuwa kipya, kinameta, isipokuwa katikati pana mraba wa kitu cha kijivu, laini kama majivu yaliyokandwa kwa mafuta. Nilimwona Nukta akikitoa boksini, lakini macho yalikuwa yameona na kichwa hakikupokea. Nikachovya kitambaa kwenye spiriti ya kusafishia aliyoiacha Nukta mezani, nikafuta. Kilikuwa kigumu kutoka, nikakaza. Nilipomaliza ungeweza kujitazamia. Kisha nikakigeuza, uso chini, kama ninavyogeuza masufuria yakauke.

Nukta alirudi anahema, akakinyanyua chuma kwa mapezi yake, akakikalisha moja kwa moja juu ya prosesa, akafunga skrubu nne. Hakukichungulia chini. Kwa nini achungulie? Mwenyewe alikuwa amekiandaa.

Kompyuta ikawaka. Ikamtambua mgeni. Mjukuu wangu akafungua harusi, akagusa bibi harusi aliyeganda, bibi harusi akafunga mdomo, keki ikafika! Akapiga makofi kama mtoto. Akaiamuru ipike kipande cha ukumbini chote, yaani ikitoe kuwa video kamili. Asilimia mbili, sita, kumi na moja.

Pu. Giza.

Wakaiwasha. Asilimia nane, pu. Mara ya tatu haikufika tano.

"Umeniletea kitu kibovu," mjukuu wangu alisema. Sauti yake ilikuwa chini, na mimi namjua, akiwa chini hivyo ndipo kumewaka.

"Nimeijaribu mwenyewe siku mbili, ilikuwa inapiga kazi!"

"Basi inapigia kazi kwako tu. Nimeshamwambia mtu Jumamosi, Nukta. Nimemwambia sasa hivi!"

"Dada yangu, sijawahi kumuuzia mtu uchafu katika mtaa huu. Kama huniamini naitoa, naondoka nayo, nakurudishia ile yako ya zamani. Nukta."

Akashika bisibisi. Mjukuu wangu akageukia dirishani. Nilijua maana yake. Kwa ile ya zamani, harusi isingeisha mwaka huo.

"Homa hii inatoka wapi?" Nukta alikuwa anajisemea, anafungua skrubu. "Feni inazunguka. Chuma kipya. Pesti kimekuja nayo kutoka kiwandani, ile ya kijivu, ndiyo inayobeba joto kutoka kwa prosesa..."

Nikasikia neno kijivu. Nilingoja moyo unipige, nione aibu, nitetemeke. Hakikuja kitu. Ningeweza kukaa kimya, na angeondoka na jina lake limechafuka, na mimi nisingesikia chochote pia. Lakini mficha uchi hazai.

"Niliifuta," nikasema.

"Umefuta nini, Bibi?"

"Hiyo ya kijivu. Nilidhani ni uchafu. Ilinisumbua kutoka."

Nukta alikinyanyua chuma, akakigeuza. Kiling'aa, uso wake ukamtazama kutoka humo. Akakitazama, akanitazama, akatazama kitambaa begani mwangu. "Mama," alisema polepole, "hata kiwandani hawaking'arishi hivi."

"Bibi!" Mjukuu wangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia fundi. "Nisamehe, kaka. Nimekutukana bure."

"Umenitukana kidogo. Nimeshasikia makubwa." Akachomoa mfukoni bomba dogo, akaminya tone kama punje ya harage katikati ya prosesa. Akaniangalia. "Mama, naomba hicho kitambaa ukikalie mpaka nimalize."

Nikakikalia.

Saa nane mchana kipande cha ukumbini kilikuwa kimeiva bila kukohoa. Nukta aliondoka. Mjukuu wangu akaniambia imebaki kazi moja, ambayo mashine haikuwahi kumfikisha. Katika video za harusi sauti ya mpiga picha haibaki. Mama yake ndiye aliyemfundisha: wageni wanataka kujiona wao, siyo kumsikia aliyeshika kamera.

Akabonyeza. Ukumbi, maua, bwana harusi kasimama kama amemeza ufagio. Kisha karibu kabisa, kama mtu aliye nyuma ya kiti changu, binti yangu akasema, "Inua kidevu, baba. Hivyo hivyo. Usiogope, kamera haiumi."

Mkono wa mjukuu wangu ukasimama.

"Bibi. Nikate?"

Nikamwambia arudishe, nisikie tena. Akarudisha. Nikangoja.

"Harusi ni ya nani?" nikauliza.

"Ya wenyewe."

"Basi kata, mama. Watu wanasafiri."

Akakata. Bwana harusi akainua kidevu peke yake, bila kuambiwa na mtu.

Sehemu zenye sauti yake zilikuwa kumi na moja. Katika ya nne alikuwa anawafukuza watoto mbele ya kamera. Katika ya saba alikohoa, akasema samahani. Mjukuu wangu alikuwa analia tangu ya tatu, anajifuta kwa kiganja na anaendelea, na kazi yake ilikuwa safi, hukuona palipokatwa.

"Nilivyokata nivihifadhi pembeni?"

"Hifadhi. Lakini leo usinisikilizishe tena."

Akaiamuru mashine ipike harusi nzima. Nikasogeza kiti, nikaweka mikono mapajani, nikakaa naye kutazama namba zikipanda.