Gemu ya Mtu Mmoja

Mimi sijawahi kuwa mtu wa gemu. Nasema hivyo mapema kwa sababu pale Kenyatta Market sasa wananiita Mama Gemu, na wengi wanaoniita hivyo hawajui hata mambo yalianzaje. Yalianzia Spring Valley, kwenye kichwa cha Debra.

Debra ni mteja wetu wa siku nyingi. Mwezi wa tano alituita nyumbani kwao tukamsuke rasta nyembamba, za kufika kiunoni. Nasema tukamsuke kwa sababu kwetu sokoni msusi hasuki peke yake. Mteja akikaa kitini anazungukwa, wawili kushoto, wawili kulia, mnakwenda mkikutana utosini, na kabla hajamaliza soda yake ameshapendeza. Mimi ni wa kushoto. Wa kulia ni Ajwang, mwanamke mrefu, sauti yake inasikika hadi kwa wachoma nyama, na tumekuwa pamoja miaka kumi na moja. Hatuambiani kitu cha kazi tukisuka. Nikivuta, analegeza. Akianza mstari, najua unaishia wapi.

Sasa siku hiyo Debra akaketi kwenye zulia, sisi nyuma yake kwenye kochi, na badala ya kuweka sinema akawasha gemu. Nikajiambia, Ngai, mtu mzima na kazi yake nzuri! Lakini baada ya dakika tano nilikuwa natazama kichwa kwa jicho moja na runinga kwa jicho la pili.

Kulikuwa na msichana mwenye upanga. Kengele ya kijiji chao imeibwa, na yeye anapanda mlima kuitafuta, peke yake, hana dada, hana jirani, hana hata wa kumwambia pole. Anaruka magenge. Anapigana na mbwa mwitu. Na nywele zake, jamani, zimeachwa wazi hadi mgongoni, upepo ukivuma zinamfunika uso mzima!

"Debra," nikasema, nimeshindwa kuvumilia, "huyu mtoto anaonaje anakoenda? Mlete nimpige matuta kumi tu, atafika juu kabla ya saa sita."

Debra akacheka mpaka nikapoteza mstari. Tulipopumzika kunywa chai akanipa rimoti yake ile yenye vijiti viwili na vitufe. "Anti, jaribu wewe."

Nikamtembeza yule msichana hatua nne, akaanguka kwenye genge. Akafufuka. Nikamwangusha tena. Nilimwangusha mara kumi na moja, mahali palepale, na kila mara nilipiga kelele kama ni mimi naanguka. Tumbo liliniuma kwa kucheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka hivyo bila mtu kuteleza kwenye matope.

"Yawa, umeua mtoto wa watu," Ajwang akasema. Halafu, akikoroga chai yake, akasema kingine. "Na mimi nimepata kazi Parklands. Ile saluni mpya ya vioo. Naanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane. Huko kila msusi ana kiti chake na kichwa chake."

Mimi nikikasirika hunyamaza kwanza, na hapo ndipo watu hukosea wakadhani yameisha. Nikanywa chai. Nikameza. Nikasema, "Nenda tu. Sisi tutabaki sawa."

"Wewe?" Ajwang akacheka. "Wewe Waithera huwezi hata kwenda kununua ndizi peke yako!"

Sasa, ni kweli. Nikienda kwa ndizi huwa namwita mtu twende naye. Lakini ukweli una wakati wake, na huo haukuwa wakati wake. Nikasimama katikati ya sebule ya watu, chanuo mkononi, nikanyoosha kidole kwenye runinga. "Unaona hiyo gemu? Nitaimaliza. Peke yangu, mwanzo hadi mwisho, kabla hujaenda Parklands. Na wewe utakuja kuona kwa macho yako."

Debra akasema taratibu kwamba yeye mwenyewe anaicheza huu mwezi wa nne na hajaimaliza. Nikamwambia asinivunje moyo.

Ndivyo nilivyojikuta kwa Mzee Zachariah. Ana ukumbi wa gemu mjini, ghorofa ya tatu, kwenye jengo moja kando ya barabara ya Luthuli, runinga kumi na mbili na viti vya plastiki. Yeye ni mzee wa kanisa, anavaa tai hata Jumatatu. Wateja wake wote hucheza gemu ya mpira, wawili wawili, wakitukanana kwa mapenzi. Mimi nilikwenda Jumapili baada ya ibada, na kitambaa changu cha kichwa, nikaomba ile ya msichana na kengele.

"Hiyo ni gemu ya mtu mmoja, Mama," akaniambia.

"Ndiyo naitaka hivyo," nikamjibu.

Akanipa runinga nambari nne, pale kwenye kona. Gemu ikaniuliza jina. Nikaandika WAITHERA, herufi moja baada ya nyingine, na nikajisikia mtu.

Wacha niwaambie nilichojifunza kuhusu hizi gemu, maana hakuna mtu aliniambia. Kwanza, hakuna anayekula vizuri. Yule msichana anachomwa mkuki tumboni, anavunja mtungi wa watu, anapata mkate ndani, anaumeza mzima, amepona! Nani aliweka mkate kwenye mtungi? Mkate wa lini? Pili, muziki ni mbea. Ukitembea kwa amani wimbo ni wa taratibu, lakini adui akijificha nyuma ya jiwe, ngoma zinaanza, tayari umeshaambiwa. Nilianza kutamani muziki kama huo pale sokoni, nijue kabla mteja msumbufu hajafika. Tatu, kuna taa ndogo njiani, na ukiiwasha, kazi yako yote inahifadhiwa. Ukifa unaanzia hapo. Nilipoiona taa nilikuwa napiga vigelegele, wale wa mpira wanageuka wanapiga makofi.

Na nilikuwa naimarika. Jumapili na Jumatatu, siku ambazo soko limelala, nilikuwa pale. Mwezi wa sita nikavuka daraja la kamba. Mwezi wa saba nikamaliza mbwa mwitu wote, tena mmoja nilimpiga nimefumba macho. Nilikuwa natembea barabarani vidole vikicheza hewani. Nikilala naona mlima. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtu mwenye siri, na kila Jumanne nilimpa Ajwang taarifa tukiwa juu ya kichwa cha mteja: nimefika pangoni, nimefika kwenye theluji. Yeye anasema "Eeh" tu, na kichwa kinaendelea.

Kisha nikafika kwenye lango la juu kabisa, na hapo akasimama bosi.

Bosi ni lile jitu la mwisho. Hili lilikuwa la mawe, limevaa ile kengele shingoni kama ng'ombe. Ukiliua mara ya kwanza linaamka na hasira. Ukiliua mara ya pili linaamka na moto. Mzee Zachariah alinieleza kwamba lina roho tatu, na ni lazima uzitoe zote bila kupumzika, taa iko chini kabisa. Nikajaribu majuma mawili. Roho ya kwanza nilikuwa naitoa nikiongea na watu. Ya pili kwa jasho. Ya tatu sikuwahi hata kuikwaruza. Ikabaki Jumamosi moja, ile ya mwisho ya Ajwang, na nilikuwa nimeshawaambia wote sokoni kwamba nitamaliza siku hiyo.

Jumamosi asubuhi Debra akaja mwenyewe Kenyatta Market, maana alitaka kusukwa na Ajwang kabla hajahama. Tukamzunguka wanne. Tulimaliza saa saba na nusu, ikabaki kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto zisifumuke. Hiyo kazi nimeifanya mara elfu. Lakini akili yangu haikuwa kwenye beseni, ilikuwa kwenye lango, nikijiambia likiinua mguu wa kulia nirudi nyuma, likiinua mkono niruke, na nilipofika kuruka nikatumbukiza kidole gumba cha kulia chote ndani ya maji.

Sitarudia nilichosema. Debra alikisikia na ni mtu wa heshima.

Ajwang alinishika mkono, akauweka chini ya mfereji, halafu, kwa kuwa hasikii la mtu, akanipaka dawa ya meno juu yake. Kidole kikavimba, cheupe, kinanukia mnanaa. Nikajaribu kukikunja. Kilikataa.

"Basi, imeisha," akasema. "Utacheza siku ingine."

"Hakuna siku ingine!" Nikasikia sauti yangu imepasuka, na nikachukia. "Jumatatu haupo. Nilisema ningemaliza kabla hujaenda. Chukua mkoba, twende."

Tukaenda. 

Kwa Mzee Zachariah nikaketi nambari nne, Ajwang kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Nikawasha. Kidole gumba cha kushoto kiko kwenye kijiti, kumtembeza msichana, hicho ni kizima. Lakini vya kulia ndivyo vitufe vya kupiga na kuruka. Nikabonyeza kwa kidole cha shahada. Nikafa. Nikabonyeza kwa kifundo cha kidole. Nikafa vibaya zaidi. Mara ya tano sikuitoa hata ile roho ya kwanza, ile ya kuongea na watu. Jitu likanikanyaga, kengele ikalia, na mimi nikaweka rimoti mapajani na machozi yakanitoka, mama mzima wa miaka arobaini na sita, mbele ya watu wa mpira.

"Ulisema kweli," nikamwambia Ajwang. "Siwezi kitu peke yangu. Haya, nenda Parklands."

Ajwang akanitazama. Akaweka mkoba sakafuni. Akavuta kiti chake, kikakwaruza sakafu yote, mpaka bega lake likagusa langu, upande wa kulia. Akachukua pembe moja ya rimoti.

"Nionyeshe ya kupiga ni gani."

"Ajwang, ni ya mtu mmoja."

"Na kichwa cha Debra ni cha watu wangapi?"

Nikamwonyesha. Hiki cha kupiga, hiki cha kuruka. Rimoti moja, mimi kushoto, yeye kulia. Mara ya kwanza tulianguka kwenye genge tukiwa bado tunabishana. Mara ya pili tukaacha kubishana, na hapo, haki ya Mungu, sijui niielezeje. Nikisogea, anapiga. Nikirudi, anaruka. Sikumwambia kitu. Hakuniambia kitu. Kidole chake kilijua changu kinaishia wapi. Roho ya kwanza ikaenda. Jitu likaamka na hasira, na Ajwang akaliambia, "Kasirikia huko!" Ya pili ikaenda. Likaamka na moto, runinga yote nyekundu, ngoma zinapasuka, na wale wa mpira wameacha mpira wao, wamesimama nyuma yetu, na Mzee Zachariah amelegeza tai.

"Kushoto!" mtu akapiga kelele.

"Tunajua!" tukajibu pamoja.

Likainua mkono. Tukaruka. Likainua mguu. Tukarudi. Kisha nikamkimbiza yule msichana moja kwa moja kati ya miguu ya jitu na Ajwang akapiga, akapiga, akapiga, ulimi nje, na lile jitu likapiga magoti, likapasuka vipande, na kengele ikabingirika kwenye theluji mpaka miguuni mwetu.

Ukumbi ulilipuka. Mimi nilirukaruka juu ya kile kiti cha plastiki hadi mguu wake mmoja ukapinda. Ajwang alikuwa anakumbatia watu asiowajua. Nilicheka, nikalia, nikagonga kidole changu mezani, nikalia zaidi, nikacheka tena.

Halafu maandishi yakatokea, kwa Kiingereza, na Mzee Zachariah akatutafsiria kwa sauti yake ya kusoma somo kanisani. "Waithera. Umefika hapa peke yako."

Ajwang akamwachilia mtu aliyekuwa amemkumbatia. "Nini?"

"Ndivyo inavyosema, Mama."

"Peke yake na nani?" Akaisogelea ile runinga, kidole juu. "Wewe ni mwongo! Mimi nilikuwa wapi?"

Watu wakacheka mpaka wakakalia sakafu. Lakini mimi nilikuwa karibu naye, na nikaona yeye hacheki. Nikamvuta mkono, akaketi.

"Ajwang, ni gemu tu."

"Siyo gemu." Akajifuta uso na mkono unaonukia dawa ya meno. "Unajua sijawahi kusuka kushoto? Miaka yote hii. Jumatatu watanipa kichwa kizima, na upande mmoja sijui naanza wapi. Ile ya ndizi kwa Debra sikuwa nakusema wewe, Waithera. Nilikuwa najisema mimi."

Miezi mitatu nimebeba yale maneno mpaka juu ya mlima, kumbe hayakuwa yangu. Nikamwambia kwamba kesho Jumapili baada ya ibada nitaenda kwake na kichwa changu mwenyewe, asuke kushoto mpaka azoee, hata akinivuta vibaya nitavumilia. Akasema mimi sijawahi kuvumilia kitu maishani. Hilo pia ni kweli, na safari hii wakati wake ulikuwa sawa.

"Sasa hii inaanzishwaje upya?" akauliza, akivuta tena pembe yake ya rimoti.

Mzee Zachariah akatubonyezea. Mlima ukarudi, msichana yuko chini kabisa, nywele usoni, na ile gemu ikauliza jina. Nikasogeza kijiti changu mpaka kwenye herufi A, na Ajwang akabonyeza.