Usitoke Hata Nikikuita

Kulikuwa na mama mmoja aliyemfundisha mwanawe kujificha, na mtoto akajua kujificha kuliko kula.

Mtoto mwenyewe watu walimwita Kijiko, kwa wembamba wake na kichwa chake cha mviringo, na mama yake akawa Mama Kijiko. Majina yao ya ubatizoni na ya ukoo yalibaki kwenye nyumba waliyopanga zamani, ile iliyouzwa wapangaji wakaambiwa wahame. Tangu hapo walilala kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, wao na wenzao wachache. Alfajiri, kabla mwenye duka hajafungua, Mama Kijiko alikunja maboksi na turubai, akavisukumiza nyuma ya tangi la maji, akafagia hapo mahali mtu asijue kama binadamu alilala. Ndipo akaenda kuosha vyombo mgahawani.

Sasa, kuna wakati lilikuja lori la polisi likazoa watu kama kuni. Jirani yao wa barazani alipandishwa yeye, mwanawe akapelekwa kwingine, kwenye makao ya watoto. Yule mama alipoachiwa alizunguka ofisi hadi ofisi, kila mlango ukimwelekeza mlango mwingine. Alimpata, ndiyo, lakini mtoto alikuwa ameshazoea kumwita mtu mwingine mama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Kijiko hakuumwa, aliona tu mwenzake akiumwa, na ikamtosha.

Akamkalisha Kijiko chini.

"Ukiona buti, kimbia. Nenda kwenye kalavati, ingia ndani kabisa."

Kalavati lilikuwa bomba la saruji chini ya barabara, la kupitisha maji ya mvua. Mtoto aliingia humo kama panya. Mtu mzima mabega yangekwama.

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja kukuita. Lakini sikiliza vizuri. Ukisikia nakuita na polisi yuko karibu, usitoke. Ujue wamenilazimisha. Usitoke hata nikikuita, hata nikilia."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Wakafanya mazoezi, leo na kesho. Mama aliita kwa sauti tamu, akaita kwa ukali, akajiliza. Kijiko hakutoka. Mama akajisifu moyoni kwamba huyu hakuna atakayemchukua.

Lakini dunia haikai mahali pamoja. Akatokea polisi mmoja mwanamke, anakuja kwa miguu, hana lori wala rungu. Kabla ya salamu anasema pole, basi watu wakamwita Afande Pole. Alisema yuko kwenye kitengo kipya, wanashirikiana na watu wa ustawi wa jamii, na kazi yao ni kuwatafutia vyumba wanaolala nje. Siku za mwanzo watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Yeye akakaa juu ya tofali, akangoja.

"Paka akianza kugawa maziwa," alisema Mzee Redio, "panya ahesabu watoto wake."

Mzee Redio alikuwa babu wa hapo barazani. Hakuwa na redio. Yeye ndiye aliyekuwa redio.

Polepole Afande Pole akazoeleka. Mama Kijiko akaanza kumjibu, neno moja, mawili, hadi wakafika kwenye mambo ya chumba. Ila kila buti zake zilipoonekana kwenye kona, Kijiko alikuwa ameshayeyuka. Afande hakuwahi kumwona hata unyayo.

"Huna mtoto, dada?"

"Ninaye. Yuko kwa shangazi yake."

Alidanganya bila kupepesa macho. Angefanyaje? Chumba alikitaka, lakini mtoto hakutaka kumweka mezani mpaka aone mwisho wake.

Asubuhi moja afande akamwambia, "Chumba kimepatikana. Twende ukakione mwenyewe, usije ukasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Kwenda maana yake kupanda gari la polisi. Mama Kijiko akawaza, wakinichukua, wanichukue peke yangu. Akamwomba afande wakutane kona ya pili. Kwa mwanawe akasema, "Naenda mgahawani. Kaa na babu, usizurure." Hilo ndilo kosa, na tulishike. Hakumwambia mtoto ukweli, akidhani anamlinda.

Ndani ya gari alikaa nyuma, mkono kwenye kitasa muda wote, akisoma kila kona wanayopita ili aweze kurudi kwa miguu. Gari halikwenda kituoni. Lilisimama nyuma ya zahanati, kwenye nyumba ndefu ya milango mingi. Chumba kilikuwa na dirisha moja, kitanda cha chuma, bati lisilotoboka, na komeo kwa ndani. Mama Kijiko alilisukuma komeo likaingia, akalivuta likatoka, akalisukuma tena. Watu wakamngoja.

"Una watoto?" aliuliza mwenye nyumba, mama mnene mwenye ufunguo shingoni.

Mama Kijiko alimtazama afande, kisha sakafu. "Ninaye mmoja. Nitakuja naye."

"Shangazi yake atamkumbuka sana," alisema Afande Pole, akageuka upande asionekane anacheka.

Walipotoka nje, upande wa milimani kulikuwa kumefunga, wingu jeusi kama sufuria ya mgahawani. Mama Kijiko alilitazama, akamhimiza afande amrudishe barazani upesi.

Alipofika barazani alimkuta Mzee Redio amesimama, mikono kichwani.

"Wamekuachia?"

"Nani kanishika, babu? Kijiko yuko wapi?"

"Kuna mtu kakuona ndani ya gari la polisi, umekaa nyuma. Nikasema, haya, yametimia, Mama Kijiko kashabebwa."

"Ulisema mbele ya mtoto?"

"Nilisema mbele ya watu." Mzee akashusha mikono. "Mtoto naye ni mtu. Nilipogeuka hayupo."

Tone la kwanza likampiga Mama Kijiko mkononi. Hakungoja la pili. Alikimbia, kanga ikimwanguka, na nyuma yake akasikia buti za afande.

"Yuko wapi?" aliuliza afande, akihema.

"Kwenye kalavati."

Afande hakuuliza habari za shangazi. Alitazama lile wingu tu. Pale kalavatini maji huja kabla ya mvua yenyewe. Inanyesha milimani, na huku chini mtu anashangaa bomba linaunguruma.

Mama Kijiko aliteremka mtaroni, akainama kwenye mdomo wa bomba. Giza. Maji membamba yalikuwa yameshaanza kupita, yamebeba majani.

"Kijiko. Mama yako huyu. Toka."

Kimya. Halafu kikohozi kidogo, mbali ndani. Yumo.

"Toka mwanangu, mvua inakuja."

Kimya.

Afande Pole naye akapiga magoti. "Njoo mwanangu, usiogope, mimi ni rafiki."

Ndani ya bomba ikasikika mikwaruzo. Mtoto alikuwa anarudi nyuma zaidi.

"Usiseme kitu," alinong'ona Mama Kijiko. "Nilimwambia asitoke nikiwa na polisi. Nilimwambia utakuwa umenilazimisha."

Afande akashika ukingo wa mtaro. Hakulaumu. "Basi mimi niondoke," akasema, akapanda juu barabarani.

"Ameondoka, Kijiko. Niko peke yangu."

Kimya. Na kwa nini mtoto aamini? Mtu aliyelazimishwa angesema maneno hayo hayo. Mama Kijiko aliita kwa upole, akaita kwa ukali, mwishowe akalia, machozi ya kweli, na hapo hapo akakumbuka kwamba kilio nacho alikifanyia mazoezi. Kila njia ya kumfikia mwanawe aliikuta ameiziba kwa mkono wake mwenyewe.

Maji yakafika kifundoni. Akajaribu kuingia, kichwa kikapita, bega moja likapita, la pili likagoma. Akajivuta nje, saruji imemchuna ngozi, na adabu yote ikamtoka.

"Wewe afande! Umesimama huko juu kama nguzo ya umeme, unangoja nini? Shuka hapa!"

Afande alishuka mbio, akateleza, akakaa kwenye tope kwa kishindo.

"Ndiyo nini sasa? Vua hizo buti, zinateleza. Kofia weka huko. Nishike miguu, niingie kwa ubavu, nikikwama univute. Taratibu basi, wewe mwanamke, unanivunja kifundo."

"Samahani, dada."

"Samahani baadaye. Shika."

Hakuwa anafanya ujanja. Woga ulikuwa umemla mpaka akasahau anaongea na nani. Kichwa chake kilikuwa ndani ya bomba tena, anasukuma bega, ndipo sauti ikatoka gizani.

"Mama?"

Akatulia kama aliyemwagiwa maji baridi. "Naam."

"Unamgombeza polisi?"

"Namgombeza."

"Hakupigi?"

"Hanipigi. Amekaa kwenye tope, kavua viatu."

Maji yaliguna. Mama Kijiko aliuma ulimi asiseme toka, maana neno hilo lilikuwa limeshaoza.

"Mgombeze tena," alisema Kijiko.

"Afande," alisema Mama Kijiko, "wewe ni mzito kama mfuko wa saruji, na hata miguu ya watu hujui kuishika."

"Kweli kabisa, dada," alijibu Afande Pole kutoka nyuma. "Hata nyumbani mume wangu ananiambia."

Mikwaruzo ikaanza, safari hii ikija huku. Mkono ukatokea, baridi kama samaki. Mama Kijiko aliukamata, afande akavuta miguu ya mama, wote watatu wakatoka kama kamba moja, wakaangukiana mtaroni, wakapanda ukingo kwa mikono. Hawajakaa sawa, bomba likanguruma. Maji ya rangi ya udongo yakatoka kwa nguvu, yamebeba boksi na gogo zima la mti. Kijiko alitazama lile gogo, kisha akatazama miguu mitupu ya polisi.

Jioni walihamia. Kijiko aliingia chumbani, hakutazama dirisha wala bati. Aliinama chini ya kitanda akapima kama anaenea.

"Hapa hatujifichi," alisema mama.

"Nikiona buti?"

Mama Kijiko akakaa ukingoni mwa kitanda. Aseme polisi wote ni wema? Lile lori bado lilikuwepo, alikuwa ameliona juzi mtaa wa pili likiwa na watu nyuma. Aseme wote ni wabaya? Hapo yuko mmoja aliyemvuta miguu.

"Uniulize mimi kwanza."

"Na wewe usipokuwepo?"

Enyi mnaolea, hofu mfundisheni mtoto, dunia hii inaitaka. Lakini msimfundishe kutowaamini nyinyi wenyewe, maana maji yakija hamtakuwa na neno la kumwitia.

Koridoni zikasikika hatua nzito, zinakuja kwenye mlango wao. Kijiko hakuuliza kitu. Alikuwa ameshaingia uvunguni, goti limegusa kidevu, pumzi amezibana.

Mama Kijiko hakumwita. Alilala kifudifudi sakafuni, akajisogeza kwa viwiko mpaka akaingia naye, kichwa kando ya kichwa, akamshika mkono. Wakangoja hivyo pamoja. Mlango ukabishwa, na sauti ya mwenye nyumba ikauliza kama wana beseni la kuogea au awaazime la kwake.