Kitambaa cha Msiba cha Lộc

Karani wa kata aliandika "hajaoa" kwenye cheti cha kifo cha mwanangu Tuệ. Nikamwambia kwamba Tuệ aliishi na Lộc miaka kumi na tisa, wakilima maua pamoja hapa Sa Đéc, na harusi yao niliiandaa mimi.

"Najua, bibi. Hata mimi nilialikwa," alisema yule mama. "Sheria haiwakatazi wanaume wawili kufanya sherehe, ila haiwatambui. Niandike nini?"

Alimvutia Lộc kiti, akampa maji. Ana moyo mwema. Hasira yangu haikuwa juu yake.

Niliibeba hadi nyumbani. Bảo, mwanangu mkubwa, alikuwa amepanga vitambaa vyeupe vya msiba kwenye sinia mbele ya jeneza. Tuệ alishafungwa chake, kama anavyofungwa mtoto anayemtangulia mama yake. Mtawa aliyeongoza mazishi akawa anaita ndugu mmoja mmoja, wanapiga magoti, wanafungwa kichwani. Binamu wa Cần Thơ, ambaye miaka sita hajakanyaga kwetu, naye akaitwa. Sinia likabaki tupu. Lộc alikuwa bado amepiga magoti.

"Cha Lộc kiko wapi?" niliuliza.

"Marafiki hawafungwi, mama." Bảo akanyanyua cheti. "Soma mwenyewe. Hajaoa."

"Miezi minane nani alikuwa akimgeuza ndugu yako kitandani? Cheti?"

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie! Wewe ulikuja mara mbili tu, na mara zote ukaondoka kabla uji haujapoa."

"Na uji wenyewe kaupika Lộc," akadakia jirani yangu Bi Út. Watu wakacheka chinichini.

Lộc akanishika mkono. "Basi, mama. Nitakaa nyuma na wageni."

Hapo ndipo nilipowaka kweli. Miaka yote hiyo mtu anaambiwa jisogeze, jisogeze, mpaka sasa anajisogeza mwenyewe bila kuambiwa.

Chini ya meza kulikuwa na kipande cha kitambaa kilichobaki. Mikono yangu haina nguvu, nikakichana kwa meno. Mtawa akanishikia ncha ya pili.

"Nimwite nani?" aliniuliza taratibu.

"Mwite mume wa mwanangu. Na uite kwa sauti, wa nyuma wasikie."

Akaita. Nikamfunga Lộc kwa mikono yangu.

"Akitembea huyo mbele, mimi sibebi jeneza," alisema Bảo.

"Usibebe."

Hakubeba. Jeneza likapungukiwa bega moja, likainama. Mume wa Bi Út, mzee kama mimi, akavua viatu akaingia chini yake bila kuombwa. Lộc akatangulia na picha ya Tuệ, nami nikamfuata nikilia. Cheti bado kinasema hajaoa, na hasira yangu haijapoa hata kidogo.