Zamu ya Ngoma

Msimu wa muziki ukifika Chennai, desturi inajulikana na hakuna anayeiona haya. Mwimbaji akiimba, ukumbi hufurika. Akimaliza wimbo mkubwa na kumwachia mpiga ngoma zamu yake peke yake, watu huinuka mmoja mmoja, wakijifanya wana dharura, na kuelekea kantini. Watu wa mji huu wanajua muziki, usiwadharau; ila harufu ya samli na ya dosa, zile chapati nyembamba za unga wa mchele, ikipita mlangoni, tumbo ndilo linaloshika usukani.

Vedavalli aliichukia desturi hiyo kufa. Mumewe, Seshadri, alikuwa mpiga mridangam, ile ngoma ndefu ya kulazwa mapajani yenye ngozi pande zote mbili, na tangu aolewe alikuwa akiwaona watu wakimpa mumewe mgongo. Kila wakirudi nyumbani Seshadri aliuliza lile lile, kwa mzaha wenye mwiba ndani: "Haya, walitoka wengi?" Naye humtajia wote, mpaka rangi za sari zao.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Vidole vya Seshadri vilikuwa vinakakamaa, na daktari alishasema: tamasha hili moja, kisha basi. Vedavalli akaapa kwamba safari hii hatoki mtu.

Jioni ile alianzia kantini, kwa mpishi Pichumani.

"Kaka yangu, leo usiwashe jiko mpaka ngoma iishe."

"Mama Kalyani, unanitakia mema kweli?" Pichumani alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Wazee wale wakikosa dosa watanikaanga mimi, na vitunguu juu."

"Nusu saa tu!"

"Njaa haijui nusu saa, mama. Nenda kakae."

Akaenda akakaa, lakini kiti cha pembeni kabisa, karibu na mlango, na mkoba wake akautega pale pa kupitia. Mwimbaji aliimba vizuri sana, wanasema. Vedavalli hakusikia kitu. Alikuwa anawachunguza watu: nani anakunja shali, nani anatazama saa.

Wimbo ukaisha. Mwimbaji akamwinamishia Seshadri kichwa, akaanza kujipiga kofi la taratibu pajani ili kumshikia mapigo. Ngoma ikaanza chini chini. Papo hapo mzee mmoja akasimama.

"Samahani mama, napita."

"Kwenda wapi?"

"Msalani."

"Na huko msalani kuna chatini ya nazi?"

Mzee akauruka mkoba kwa wepesi ambao umri wake haukuahidi. Nyuma yake wakaja wengine. Vedavalli akageuka mzima mzima, "Kaeni basi! Mtu anapiga ngoma, nyinyi mnawaza kula!"

Mkono ukamgusa begani. Alikuwa bibi kizee wa kiti cha jirani, macho kayafumba, kiganja kikipiga mapigo pajani bila kukosea.

"Mwanangu, hao wanaotoka hawana kelele. Kelele ni yako. Niache nisikie."

Vedavalli aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke. Akageukia jukwaani, akafumba macho ili asitazamwe. Mwanzoni alisikia moyo wake tu, jinsi unavyodunda kwa hasira. Kisha hasira ikatulia, na nyuma yake ngoma ilikuwepo.

Akaitambua. Lile fungu la pigo jepesi lilikuwa lile la kwenye meza ya jikoni, wakati Seshadri anasubiri kahawa. Hili zito la mkono wa kushoto ndilo alilokuwa akimpigapigia Kalyani mgongoni mpaka alale. Miaka yote Vedavalli alimkemea, "Acha kugongagonga!" Kumbe alikuwa akiyaokota makombo tu, na leo ndiyo kwanza amewekewa sahani. Pumzi yake ikaenda polepole. Mkono ukaanza wenyewe kupiga pajani, sambamba na wa bibi. Kuna mahali Seshadri alinyamaza kabisa, na katika ukimya ule Vedavalli alijua hasa pigo litakapoangukia. Lilipoanguka, machozi yakamtoka. Alimpenda mtu yule, na hakuwahi kumsikia.

Baadaye alimkuta nyuma ya jukwaa, anaifunga ngoma kwenye kitambaa chake huku akisugua vidole.

"Haya, mama Kalyani. Walitoka wengi?"

"Sijui."

"Wewe? Hujui?"

"Sikuangalia, baba Kalyani. Nilikuwa nakusikiliza."

Seshadri hakucheka. Alilikaza fundo la kitambaa, akalifungua, akalikaza tena.

"Nimejua," alisema. "Miaka yote nikiinua macho naona kisogo chako, umegeukia mlangoni. Leo nimeuona uso."

Vedavalli akaketi chini kando yake, akakishika kile kiganja chenye moto, akaanza kukikanda kidole kimoja kimoja.