Yowe la Sandukuni

Tangu kijiji cha ujamaa kipangwe mistari pale Nyanungu, televisheni ilikuwa moja tu, ya mjane Waisiko. Aliletewa na kaka yake Benedicto, aliyefanya kazi Kisumu. Iliendeshwa kwa betri ya gari na kunasa picha za Kenya, zenye chengachenga nyingi. Kila Alhamisi jioni ulikuja mchezo wa viumbe wa nyota ya mbali, weupe, wasio na macho wala mdomo, wanaojitokeza ukutani taratibu huku filimbi nyembamba ikilia. Waisiko aliuogopa mchezo ule kufa, na hakuukosa hata mara moja.

Sasa, Wakurya hawachezi na yowe. Likipigwa, ujue ng'ombe wanaibwa. Mwanaume anaacha ugali, anashika upinde, anakimbia. Anayepiga yowe la bure hutoa ng'ombe wa faini, na hakuna aliyewahi kubishia sheria hiyo.

Alhamisi moja kiumbe kilimshika bega mama wa kwenye mchezo. Mama yule alipiga ukelele uliovuka mashamba ya mihogo. Kijiji kizima kikamwagika na mishale, wakapekua vichaka mpaka mtoni. Mwizi hakuwepo, ila sanduku linalong'aa nyumbani kwa mjane.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nyangwine, hakutaka maelezo. Yowe limetoka kwa Waisiko, basi Waisiko atoe ng'ombe. Naye alikuwa na mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyowalea wanawe. Alilia mpaka akachoka kulia, kisha Jumatano akaenda kwenye iritongo, baraza la wazee.

“Shikamooni, wazee wangu. Aliyepiga yowe yumo sandukuni, na kesho atarudi. Njooni mumsikie, ndipo mchukue ng'ombe wangu.”

Nyangwine alicheka, akasema picha huwatisha wanawake na watoto. Lakini wazee wenzake walikubali, maana shahidi husikilizwa kabla ya hukumu.

Kesho yake walijaa sebuleni, mwenyekiti mbele kabisa na fimbo yake. Waisiko, asije akatiwa hatiani mara ya pili, alipunguza sauti ikabaki kama mnong'ono. Wazee wakalazimika kusogea, shingo mbele. Filimbi ikaanza. Ukuta wa kwenye mchezo ukavimba, ukatoa uso laini kama yai, na uso ule ukageuka polepole kumwelekea Nyangwine.

Nyangwine akapiga yowe. Lilikuwa yowe la haki, la kifua kipana, na kwa mbali likajibiwa. Wanaume walipofika na pinde walimkuta mwenyekiti wao nyuma ya Waisiko, ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Wakauliza nani kapiga yowe.

“Mwenyekiti,” Waisiko akasema kwa heshima zote, “tuanze na ng'ombe wa nani?”

Wazee wakaamua palepale: la sandukuni si yowe, la mtu ni yowe. Jumamosi fahali wa Nyangwine akachinjwa, na kijiji kikala. Waisiko alipewa mnofu wa paja, akautafuna mbele ya watu wote bila haraka, furaha imemjaa mpaka kooni, kisha akaenda kumkamua ng'ombe wake.