Kifungo Ndani ya Pindo

Kwa Savri nyekundu ilikuwa joto. Kaka yake Hotam ndiye aliyemfundisha: alimshika mkono akausogeza kwenye mdomo wa tanuri la mikate. "Nyekundu hiyo. Usiiguse, haina adabu." Buluu alimfundishia mferejini, theluji ya milimani inapoyeyuka. Alimtumbukiza miguu bila kumwonya, na Savri akamtukana mpaka majirani wakachungulia. Alipofika kwenye nyeusi akasema, "Hii naruka, si unaishi nayo."

"Nani kakwambia naona nyeusi? Kisigino chako kinaona nyeusi? Basi na macho yangu hivyohivyo."

Hotam akacheka mpaka mama yao akaja kuuliza kuna nini.

Magauni mawili ya Savri ya kutokea yalishonwa kwa kitambaa cha aina moja. Mkono haukuweza kuyatofautisha. Kwa hiyo mama alishona ushanga ndani ya pindo la lile jekundu, la harusini, na kifungo ndani ya lile la buluu, la msibani, maana kwao Panjakent mfiwa huvaa buluu. Savri alijivalisha mwenyewe, na ole wake atakayemuuliza kama anataka msaada.

Kisha Hotam akaenda Urusi kujenga maghorofa. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akicheka peke yake.

"Nikirudi utanipiga."

"Umefanya nini?"

"Utajua kwenye harusi ya binamu Zulfi."

Harusi haikuwahi kufika. Ilitangulia simu: Hotam ameanguka kutoka juu ya jengo, na jeneza linakuja kwa ndege.

Siku ya kulipokea, shangazi Bibisoro aligonga mlango wa Savri. "Nikuvalishe, mwanangu?"

"Hapana, shangazi. Leo navaa mwenyewe."

Hicho tu ndicho alichokitaka: amlilie kaka yake kama dada yeyote, bila kukokotwa kama mbuzi. Akapapasa mapindo, akakipata kifungo, akavaa, akajifunga mshipi kiunoni, akatoka uani walikokaa wanawake.

Vilio vikakatika.

"Masikini," mmoja akanong'ona, "kwani hakuambiwa?"

Shangazi akamshika kiwiko, akamrudisha ndani. "Savri, umevaa jekundu."

"Lina kifungo."

"Kifungo kipo. Gauni ni jekundu, mwanangu."

Savri akaligeuza pindo. Mishono ya mama ilikuwa midogo kama ufuta. Hii ilikuwa mikubwa, imekwenda upogo, na mwishoni pana fundo nene la kufungia gunia. Kumbe. Harusini kwa Zulfi angetokea na gauni la matanga, watu wangevunjika mbavu, naye angemfukuza Hotam uwanja mzima kwa kandambili. Mzaha ulikuwa umekaa kabatini muda wote huo, ukimngoja mwenyewe arudi aucheke.

"Mjinga huyu," akasema. Kicheko kikamtoka, kikaharibikia njiani.

Akavaa lile lenye ushanga, akatoka mara ya pili. Mkono fulani uliushika wake ukamwongoza mpaka kwenye jeneza, naye hakuuondoa.

Arobaini ilipopita, shangazi alikuja na mkasi na uzi. "Lete nirudishe kila alama mahali pake."

Savri akalifunika pindo kwa kiganja. "Acha, shangazi."

"Utakosea tena."

"Sitakosea. Najua alikoziweka."