Minazi ya Kando ya Reli

Msumeno wa petroli ulikuwa umeshawashwa Florence alipofika Changamwe. Alishuka kwenye bodaboda kabla haijasimama sawasawa, akapita mbio kando ya reli hadi kwenye kiwanja alichotumwa kukikagua. Mnazi mmoja ulikuwa tayari chini. Wa pili ulikuwa na mtu juu.

Mtu huyo alikuwa Mweri, mgema. Alikuwa amepanda kugema tembo kama kila asubuhi, na wakataji walipokuja akakataa kushuka. Chini yake mwenye minazi, mjane aitwaye Kache, aliukumbatia mti kwa mikono miwili.

Kiwanja kilikuwa cha serikali, kimetengewa reli. Lenox, mfanyabiashara wa Shanzu, alikuwa amepeleka pendekezo ambalo hakuna aliyemwomba: akodishwe, ajenge yadi ya kontena zinazotoka bandari ya Kipevu. Kazi ya Florence, ofisa wa serikali, ilikuwa kulipima na kushauri likubaliwe au likataliwe. Jana yake mkubwa wake alimwambia asilicheleweshe, kuna watu wanaliulizia.

Florence alimwambia mkataji azime mashine. Mkataji akamtazama kwanza Lenox, aliyesimama kando. Mashine haikuzimwa.

Lenox alimsalimu kwa adabu, akaeleza kwamba anasafisha tu kiwanja ili jibu likija kazi ianze.

Mweri akaita kutoka juu, "Lenox, wakikata, simama hapo hapo unidake. Mimi sikufundishwa kuruka."

Wakataji walicheka. Lenox hakucheka. Aliashiria kwa kidole, msumeno ukasogezwa hadi unga wa gome ukamrukia Kache miguuni. Kache hakuachia.

Florence alijiingiza kati ya msumeno na yule mama. "Unakata mali ya nani?"

"Yangu," Lenox alijibu. "Nimeinunua minazi yote kwa shemeji yake, mbele ya wazee. Sikuiba."

Pwani hilo si ajabu. Ardhi yaweza kuwa ya mwingine, na mti ukabaki wa aliyeupanda. Lenox alikua akiliona hilo tangu utoto, na sasa alitaka ionekane amefuata mila.

"Shemeji hakupanda hata mmoja," Kache alisema. "Alipanda marehemu mume wangu."

"Basi ulijua ina mwenyewe," Florence alimwambia Lenox. "Mbona uliiandikia serikali kwamba kiwanja ni kitupu, hakina mali ya mtu?"

Mkataji akazima mashine bila kuambiwa. Lenox alisogea pembeni na simu yake, akanong'ona, na punde simu ya Florence ikalia. Alikuwa mkubwa wake.

"Ameingia kiwanjani kabla ya kujibiwa, na alichotuandikia si kweli," Florence alisema, kwa sauti iliyomfikia hata Mweri. "Nitashauri pendekezo lake likataliwe, bosi. Ukitaka likubaliwe, tia sahihi wewe."

Mkubwa wake akakata simu.

Kache aliuliza kama sasa kiwanja ni chake. Florence akamwambia hapana. Minazi ni yake, ila siku reli ikikihitaji, itathaminiwa alipwe, na itaondoka.

"Siku hiyo ni lini, mwanangu?"

"Sijui, mama. Si leo."

Kache aliinua uso. "Mweri, shuka."

Mweri akajibu kwamba bado hajamaliza kugema.